Swali la Pili: Uhakiki wa Mazungumzo ya Wanachuo Redioni katika Bonde la Ufa

Miongoni mwa fani zisemwazo ambazo wahakiki wa Kiswahili hawajazitilia maanani ya kutosha ni mazungumzo ya redio. Shairi limehakikiwa, riwaya imehakikiwa, na tamthilia imepewa haki yake. Lakini kipindi ambacho mwanachuo huketi mbele ya kipaza sauti, akamkaribisha mgeni na kumdodosa juu ya maisha ya chuo, utafiti, utamaduni au michezo, husikika leo na kusahauliwa kesho. Makala haya yanakusudia kukitazama kipindi cha namna hiyo kama fani kamili, yenye muundo, wahusika, lugha na dhamira. Mfano unaotumika ni wa Bonde la Ufa ya kati, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kina redio yake huko Njoro.

Yafaa kwanza kuzingatia mahali penyewe. Egerton ilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kuwa shule ya kilimo ya vijana wa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Leo wanachuo wake hutoka kila pembe ya Kenya. Nje ya lango wapo wakulima wa ngano, viazi, mahindi na maharage, wachuuzi wa soko la Njoro, na makondakta wa matatu ziendazo Nakuru, mji uliotangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021. Kwa hiyo redio ya chuo mahali kama hapo ina hadhira mbili: makomredi walio hosteli, na umma ulio ng'ambo ya ua. Swali la msingi la uhakiki ni hili: mazungumzo hayo yanasemwa kwa ajili ya nani?

Jibu hupatikana katika lugha kabla ya kupatikana katika maudhui. Katika mazungumzo ya wanachuo wa Kenya kwa jumla, kila mada imetengewa lugha yake. Michezo huzungumzwa kwa Kiswahili kilichochangamka. Maisha ya chuo, yaani mapenzi, mavazi, mikopo na chakula cha mesi, huzungumzwa kwa Sheng. Utamaduni hupewa Kiswahili cha methali. Utafiti huzungumzwa kwa Kiingereza. Mgawanyo huu umezoeleka hata ukaonekana kuwa wa maumbile. Lakini si wa maumbile; ni wa kihistoria, na historia yake yaweza kuelezwa.

Tuchukue michezo. Hakuna Mswahili aliyezaliwa na msamiati wa mlinda lango, kuotea au mkwaju wa adhabu. Msamiati huo uliundwa na kusambazwa na watangazaji waliolazimika kuuona mpira kwa niaba ya msikilizaji asiyekuwapo uwanjani. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo katika Sauti ya Kenya, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilionyesha kwamba hata adabu za kila siku zaweza kujadiliwa hewani kwa Kiswahili chepesi chenye makali. Mtangazaji wa mpira hakuwa na njia ya kukwepa: asipotamka, msikilizaji haoni kitu. Utafiti haujapata lugha ya namna hiyo kwa sababu hakuna aliyemlazimisha mtafiti kuonekana. Anapoingia studioni na istilahi zake za Kiingereza, mwenyeji huzipokea, humshukuru, akaendelea na swali linalofuata katika karatasi yake.

Hapa tunafikia udhaifu wa muundo. Mazungumzo mengi ya wanachuo yana umbo la ngonjera, ile fani ambayo Mathias Mnyampala aliieneza Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Katika ngonjera mmoja hujifanya hajui, mwingine hufundisha, na mwishoni asiyejua hukubali. Fani hiyo ilifaa kueneza siasa iliyokwisha kuamuliwa. Haifai kuchunguza jambo ambalo bado linabishaniwa. Mwenyeji akiuliza ili akubali tu, mgeni hushinda kabla mchezo haujaanza, na msikilizaji hupewa hitimisho pasipo kupewa njia iliyofikia hapo. Kinachokosekana ni swali la pili: lile lisiloandikwa katika karatasi, linalozaliwa na jibu lenyewe.

Mfano ulio karibu kabisa ni ule wa kutu ya ngano. Mwanzoni mwa karne ya 20 kutu iliangamiza ngano ya Lord Delamere papo hapo Njoro. Mwaka 1999 aina mpya ya kutu ya shina ilitambuliwa kutokana na vielelezo vya Uganda, ikaitwa Ug99. Iliweza kuishinda kinga iliyotegemewa na ngano ya nchi nyingi. Tangu mwaka 2005, kufuatia onyo la Norman Borlaug, maelfu ya aina za ngano kutoka pande mbalimbali za dunia yamepandwa katika kituo cha utafiti cha Njoro ili yajaribiwe. Mkulima wa Mau Narok anaweza kuwa jirani wa jaribio linalofuatwa na mataifa, asijue. Mwanachuo anayemhoji mtafiti wa jambo hili akitosheka na neno la Kiingereza la kinga, amepoteza kipindi. Lakini akiuliza, "Kinga hiyo hudumu misimu mingapi kabla kutu haijabadilika?" kisha, "Mwenye ekari mbili ataipata wapi mbegu hiyo, na kwa gharama gani?" hapo fani imefanya kazi yake. Mtafiti atalazimika kutafuta maneno, na maneno yatapatikana.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja hiyo imekuwa dhaifu kwa muda mrefu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Istilahi huishi kinywani. Zikibaki kamusini ni akiba isiyotumika.

Katika utamaduni kasoro ni ile ile kwa sura nyingine. Methali, ngoma na shanga hutajwa, na mazungumzo huishia hapo. Lakini chuo hicho kiko pembezoni mwa Msitu wa Mau, na Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek juu ya ardhi yao msituni zilikuwa zimevunjwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kuzungumza juu ya utamaduni wa Waogiek pasipo kuutaja msitu ni kutazama ganda na kuacha kiini. Ni kweli kwamba jambo hili lataka hadhari. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua na kuwafukuza watu wengi katika Bonde la Ufa, Nakuru na Naivasha zikiwamo, na ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008 ilieleza jinsi matangazo ya chuki katika baadhi ya vituo vya lugha za makabila yalivyochochea uhasama. Hata hivyo hadhari hiyo haidai kimya. Inadai mahali ambapo vijana wa makabila yote wanaweza kuulizana kwa lugha ambayo kila jirani anaisikia.

Haki yataka mwenyeji naye atazamwe katika hali yake halisi. Mgeni anayemhoji leo huenda ndiye atakayesahihisha mtihani wake kesho, na kipaza sauti ni mali ya chuo. Historia inatoa onyo. Wanachuo wa Dar es Salaam walipoanzisha jarida la Cheche mwaka 1969, waliuliza swali la pili, la tatu na la nne. Mwaka 1970 likapigwa marufuku. Lakini Cheche linatoa funzo jingine: jina lilikuwa la Kiswahili, ilhali sehemu kubwa ya makala zake iliandikwa kwa Kiingereza. Ujasiri wa maudhui haukupata fani ya kuufikisha kwa umma uliokuwa ukitetewa.

Kwa hiyo thamani ya mazungumzo haya haipimwi kwa ufasaha wa mwenyeji, wala kwa cheo cha mgeni, wala kwa wingi wa vicheko. Hupimwa kwa dakika ile ambapo jibu limekwisha kutolewa, mgeni ameridhika, na mwanachuo anasema kwa heshima, "Samahani, Mwalimu, hapo sijaelewa, tueleze kwa Kiswahili." Hapo mkulima aliye ng'ambo ya ua naye anakuwa ameuliza.