Siku Chache za Deira

Kuna watu wa Goma wanaoijua Dubai kuliko Kinshasa. Kinshasa ni mji mkuu wetu, lakini hakuna barabara ya kutufikisha huko. Kwenda Dubai mtu anaondoka Jumapili, na Jumamosi inayofuata yuko tena dukani kwake Birere, miguu imevimba, anapanga viatu. Wengi wao ni wanawake. Ukimwuliza mmoja wao habari za Burj Khalifa, lile jengo la mita 828 ambalo wageni wamekuwa wakipigia picha tangu 2010, atakwambia aliliona dirishani, treni ikipita. Watoto wake waliosoma humcheka: Mama umefika mbali hivyo, hukuona kitu!

Mimi nasema aliona. Kuutumia mji mkubwa kwa siku nne ni ufundi kama ushonaji au useremala, na sijaona wanaoujua vizuri kuwashinda wamama hawa. Mama mdogo wangu ni mmoja wao, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona mikononi mwake.

Safari yake huanzia Birere, wiki nyingi kabla ya kupata tiketi. Chini ya meza ana daftari la mistari, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Mteja akiuliza kitu ambacho hakipo, akaondoka mikono mitupu, mama mdogo huandika: rido (mapazia) za rangi ya maziwa, zenye pete; viatu vya mtoto wa komunyo, namba 31; mashuka ya vitanda vikubwa. Mwingine humwachia kipande cha kitambaa, naye hukibana kwa pini kwenye ukurasa. Mwenye duka mwingine angesahau. Yeye hukusanya aibu hizo ndogo za kukosa mzigo mpaka zinatosha kulipa nauli. Kwa hiyo akishuka kwenye ndege haulizi Dubai kuna nini. Jibu la swali hilo halimaliziki, na ndilo linalowapotezea wageni siku mbili za kwanza.

Ukurasa wa mwanzo wa daftari haujabadilishwa hata mara moja. Umeandikwa hesabu ya dola na dirham, kwa sababu dola moja imekuwa sawa na dirham 3.67 tangu 1997. Kwa mtu aliyekulia kwenye franka ya Kongo, bei ya pesa isiyotikisika kwa zaidi ya robo karne ni muujiza kupita jengo lolote.

Kisha dola zenyewe. Anayefanya biashara Goma ana macho ya ajabu kwenye noti: huishika kwenye mwanga, hupitisha ukucha pembeni, na ikiwa na mchaniko wa milimita mbili huirudisha. Mgeni huona kama ni ujeuri. Mama mdogo hufanya vile usiku kucha kabla ya safari, noti kwa noti, maana noti ikikataliwa kwenye kaunta ya kubadilisha pesa Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, hakuna jirani wa kumbadilishia.

Njia nayo imerefuka. Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na mabenki yakafunga milango. Ikabaki kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, basi la saa tatu au nne mpaka Kigali, ndipo ndege. Viza pia imekuwa ngumu miaka ya karibuni kwa wenye pasipoti zetu. Ugumu huu haukuumba ufundi wake, ila umeunoa: kila siku ya kule imekuwa ghali zaidi, basi haiwezi kuchezewa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mdogo hujipa jembe siku ya kwanza. Hulala kwenye hoteli ndogo karibu na uwanja wa Baniyas, mahali anapoweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu, hata kama kuna ya bei nafuu zaidi mbali. Nimemsikia akimfundisha msichana wa jirani aliyekuwa anajiandaa kwa safari yake ya kwanza: "Mwanangu, siku ya kwanza usinunue. Tembea tu, uliza bei, andika." Msichana akauliza, "Na kama kitu kizuri kinaisha, Mama?" "Deira haiishi. Pesa yako njo itaisha."

Wakati wa kuchagua mali ndipo ninapomwona fundi hasa: kwenye kiatu. Anachukua kimoja kutoka kwenye katoni, si kile cha juu kilichowekwa kwa maonyesho bali cha katikati. Anakikunja mpaka ncha inakaribia kisigino, anakiachia, anatazama kama ngozi imeacha makunyanzi. Anabonyeza soli kwa kidole gumba. Anainusa gundi. Kisha anapima upana wa kisigino kwa vidole viwili, na hapa muuzaji, Mhindi mwenye subira, huwa haelewi, maana kiatu ni kizuri na wateja wote wanakipenda. Hajui kwamba kiatu hiki kitatembea juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wetu, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, nasi tukajenga juu yake. Barabara nyingi za mitaani bado ni mawe meusi yenye meno. Kisigino chembamba hapo ni harusi moja tu. Mama mdogo yuko soko la Naif, Deira, lakini chini ya kidole gumba chake kuna barabara ya Majengo, kwetu Goma. Mtalii huenda ughaibuni ili asahau kwao kwa siku chache. Mwanamke huyu hana nguvu nyingine kule ila kukumbuka.

Bei hujadiliwa kwa kikokotoo. Muuzaji anaandika namba, anakigeuza. Mama mdogo anafuta, anaandika yake, anakirudisha. Mara nyingine hata lugha inapatikana, kwa sababu Deira ina ofisi za kago zenye watu wa Dar es Salaam na Mombasa, na mzee wa Kiarabu aliyelelewa Unguja anaweza kukuitikia salamu ukadhani uko pwani. Lakini yeye hupenda kikokotoo. Anasema maneno huleta huruma, na huruma ina bei.

Nimesema habari ya siku ya kwanza. Siku za kati sina la kusimulia, ni kununua tu. Nieleze badala yake saa ambazo hanunui. Maduka mengi ya masoko ya zamani hufunga kuanzia kama saa saba mchana mpaka saa kumi, na miezi ya jua kali nje hapakaliki, hasa kwa mtu aliyezoea ubaridi wa mita 1,500 juu ya bahari. Wageni wengine hukimbilia hotelini kulala. Mama mdogo hushuka gatini kwenye Khor, mkono wa bahari unaoingia mjini, anatoa dirham moja, anapanda abra, ile boti ya mbao ya abiria kama 20, anavuka kwenda Bur Dubai. Huko hana cha kununua. Anakaa kivulini kati ya nyumba za zamani za Al Fahidi, zenye minara ya kuvuta upepo.

Ana kisa chake na nyumba hizo. Siku moja alinyanyua macho akaona dari: boriti nyembamba za miti, moja kando ya nyingine. Ni mikoko. Majahazi yalizibeba kutoka Lamu na delta ya Rufiji, miaka mingi kabla ya saruji, kwa sababu Ghuba haikuwa na mbao za kujengea, na upana wa vyumba vingi ukafuata urefu wa boriti zetu. Tangu alipoelezwa hilo, hatembei Dubai kama mtu aliyealikwa. Anasema mji huu ulikuja kununua kwetu kwanza.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wafanyabiashara hawauoni mji. Mwenye siku nne akagawa macho yake kwenye vituo ishirini vya kitalii atarudi na picha ishirini ambazo ziko pia kwenye simu ya jirani. Mama mdogo anajua mitaa mitatu. Katika mitaa hiyo anajua nani amemwachia mwanawe duka, nani hufungua mapema, chumba gani cha swala kina bomba la maji baridi. Mji hata uwe mkubwa namna gani, mtu huingia kwa mlango mmoja.

Siku ya mwisho ni ya mizigo. Rido na mashuka, ambayo ni mazito, huenda kwa meli, ndani ya kontena la kuchangia: Jebel Ali mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kisha malori, na mwezi mmoja hautoshi. Kwa hiyo mali ya bonane, yaani ya mwaka mpya, ikiwa bado iko Deira mwezi wa kumi na moja, imeshachelewa. Viatu hutolewa kwenye maboksi, huingizwa kimoja ndani ya kingine, soksi za watoto zikijazwa ndani. Maboksi hukunjwa bapa yakae chini kabisa ya mzigo, kwani mteja wa Goma hakubali kiatu cha harusi kisicho na boksi. Sanduku la mkononi hupimwa kwa mizani ya ndoano, na kilo zinazozidi huvaliwa mwilini. Nimempokea mpakani akiwa amevaa makoti matatu.

Viza zilipokazwa, wengi waligeukia Kampala. Soko la huko, Kikuubo, ni kichochoro kimoja tu kando ya kituo cha mabasi, lakini msongamano wake unaweza kukumeza siku nzima, na ufundi ni uleule: daftari, kidole gumba, kutonunua siku ya kwanza. Yule msichana wa jirani alianzia huko. Mama mdogo alimwazima daftari, lenye vitambaa na pini zake, akampa masharti mawili. Asimwonyeshe muuzaji yeyote. Na bei zote za Kampala aziandike upande wa nyuma, kwa kalamu ya wino, pamoja na zile za vitu ambavyo hakununua.