Uzi Uliolala

Katika ukumbi wa dansi wanaotunzwa ni waimbaji na mpiga solo. Mwimbaji anabandikwa noti kwenye paji la uso, mpiga solo anatiwa mfukoni, na mpiga besi yuko nyuma karibu na ngoma, hakuna anayemfuata. Lakini ngoja uzi mmoja wa besi yake upungue sauti. Wimbo ni uleule, mwendo ni uleule, ila kila muziki unaposhukia kwenye uzi ule mguu unakosa pa kukanyaga. Watu wanarudi kukaa kabla ya chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, na hawajui kilichowarudisha.

Muziki wetu hauvumilii ugonjwa huo. Sikiliza besi ya Tom Malanga katika “Sina Makosa” ya Les Wanyika: haipigi alama za kuhesabia tu, inazungumza, inapanda na kushuka kutoka uzi hadi uzi, na wengi wanaoimba wimbo ule bafuni huanza na besi kabla ya maneno. Sentensi ya namna hiyo ukiilazia uzi mmoja, unakuwa umefuta herufi katikati ya maneno.

Anayeitwa wakati huo ni fundi, na nataka kumsifu kwa jambo ambalo wateja wake wengi hawalipii kwa moyo mweupe: anajua kuacha vitu jinsi vilivyo. Mpiga gitaa akisikia uzi umelala, neno la kwanza mdomoni mwake ni pikapu, ile sumaku yenye koili iliyo chini ya nyuzi. Anataka pikapu mpya, ameshaiulizia bei, ameshaona picha zake. Fundi mzuri kazi yake ni kuitetea pikapu ile mpaka hoja zimwishie.

Anaanza mbali. Kwanza hagusi gitaa. Anamwambia mwenyewe apige, naye anatazama mkono wa kulia. Kuna wapigaji ambao kidole cha kati kina nguvu maradufu ya kile cha shahada, na mpangilio wa vidole huangukia uzi uleule kila mara. Kuna wanaopiga uzi mnene wa E karibu na shingo na uzi mwembamba wa G karibu na daraja bila kujitambua, na karibu na daraja uzi hutoa sauti nyembamba hata ukiwa mzima kabisa. Fundi akilichukua gitaa akapiga yeye, na tofauti ikatoweka, kazi imekwisha. Anayebaki na kazi ni mwenye mkono.

Isipotoweka, swali la pili halihitaji chombo chochote. Je, uzi umelala ukiwa wazi tu, au hata ukibanwa kwenye freti? Ukiwa umelala wazi na ukazinduka mara unapoweka kidole freti ya kwanza, basi umeme hauna hatia. Shida iko juu ya shingo, kwenye kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi: kijifereji kimechongwa kipana mno, au uzi umezungushwa mara chache kwenye kigingi hata haushuki kwa pembe ya kutosha, ukawa umekaa juu ya mfupa bila kuukandamiza. Unywele mmoja wa nafasi pale unakula nusu ya sauti.

Kisha nyuzi zenyewe, na hapa nina neno na tabia ya mjini kwetu ya kununua uzi mmoja mmoja. Uzi mpya wa chuma uliowekwa katikati ya wenzake watatu waliokwisha kwa jasho na kutu utasikika kama mgeni, na mwenye gitaa atadai wale watatu ndio wanaoumwa. Wengine wanauziwa nyuzi za shaba nyeusi zilizotengenezewa gitaa kavu. Pikapu ni sumaku. Shaba nyeusi haina habari nayo, inachokiona pikapu ni ule moyo mwembamba wa chuma ulio ndani, na uzi unafifia pamoja na unene wake wote. Halafu kuna kosa la mkasi. Uzi mnene wa besi ukikatwa kabla ya kukunjwa pale unapoingia kwenye kigingi, waya uliozungushiwa nje unaweza kulegea juu ya moyo wake. Unafungwa ukiwa mpya kutoka kwenye pakiti na unalia kama uzi wa miaka mitano. Huo hauponi.

Baada ya hayo yote ndipo bisibisi inaguswa, nayo kwa kazi ndogo: kimo cha pikapu. Fundi anabana uzi wa E kwenye freti ya mwisho, anapima nafasi iliyobaki kati ya uzi na sumaku, halafu anafanya vivyo hivyo kwa uzi wa G. Kwa besi ya kawaida anaanzia karibu milimita 3 upande wa E na 2 upande wa G, kisha anafuata sikio. Chini ya pikapu kuna kipande cha sponji kinachoisukuma juu ili skrubu ziwe na kitu cha kushindana nacho. Sponji huzeeka. Hubonyea, hukauka, huwa unga, na pikapu inazama upande mmoja bila mtu yeyote kuigusa. Nimeona gitaa lililozungushwa kwa mafundi kadhaa likaponywa na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo.

Wenye haraka hufanya kinyume. Uzi umelala, basi inua pikapu mpaka karibu iguse. Sauti inapanda kweli, lakini sumaku inaanza kuuvuta uzi, haiuachi utetemeke kwa uhuru wake. Noti za freti za juu zinayumba kana kwamba gitaa halijatyuniwa, na utazungusha vigingi usiku kucha bila faida. Kosa baya zaidi ni la kutaka kusogeza kijiti kimoja cha sumaku kwa kukisukuma na bisibisi. Katika pikapu nyingi za mtindo wa zamani wa kampuni ya Fender, waya wa koili umezungushwa moja kwa moja juu ya vijiti hivyo. Waya wenyewe una unene wa kama sehemu 6 za mia za milimita, na umezunguka maelfu ya mara. Kijiti kikisogea kidogo tu, waya wa ndani umekatika, na hapo ndipo kweli utahitaji pikapu mpya.

Siku moja, kibandani kwa fundi mzee, aliingia kijana na besi ya mtindo wa Precision. Nayaandika mazungumzo yao kwa kuwa ufundi wote ulikuwa ndani ya maswali.

“Shikamoo mzee. Pikapu imekufa, nataka unifungie nyingine.”

“Marahaba. Nani kakwambia imekufa?”

“Uzi wa G hausikiki kabisa.”

“Na D?”

“D nayo iko mbali.”

“E na A?”

“Hizo zinapiga kama kawaida.”

Mzee alikaa kimya kidogo, akauliza kitu ambacho kijana hakukitegemea: “Tangu iumwe, inavuma?”

Ilikuwa inavuma. Kijana alidhani ule mvumo ni ugonjwa mwingine, wa umeme wa ukumbini, akawa ameshagombana na mtu wa vyombo.

Ili kuelewa swali lile lazima turudi Fullerton, California. Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, na gitaa hakuwahi kujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa besi ya Precision, na ile ya kwanza ilikuwa na koili moja yenye vijiti vinne, kila kijiti chini ya uzi wake. Mwaka 1957 aliigawa pikapu vipande viwili: kimoja cha E na A, kingine cha D na G, kila uzi ukipita kati ya vijiti viwili badala ya juu ya kimoja. Vipande hivyo viwili vimezungushwa kwa namna ya kupingana, na sumaku zao pia zinapingana. Sauti ya nyuzi inajumlishwa. Mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde tulio nao huku, unaingia koili zote mbili kwa kinyume na kujifuta wenyewe.

Basi nusu moja ikitoka kazini, mambo mawili hutokea kwa pamoja: nyuzi mbili za jirani zinalala, na mvumo unaamka, kwa kuwa hakuna tena wa kuufuta. Ndiyo maana mzee aliuliza. Na kuna zaidi. Koili hizo zimefungwa kwa mfululizo, umeme unapita moja kisha nyingine. Kama waya wa nusu moja ungekuwa umekatika, njia nzima ingekatika nayo, na nyuzi zote nne zingepungua na kuwa nyembamba. E na A zilikuwa nzima. Kwa hiyo hapakuwa na kilichokatika. Kulikuwa na kilichogusana. Mahali fulani umeme ulikuwa umepata njia ya mkato ukairuka nusu ya pili. Mzee alikuwa ameshajua hilo kabla hajafungua skrubu hata moja.

Akaifungua. Akaweka multimita kwenye nusu ya kwanza: omu elfu tano na kitu, afya njema. Nusu ya pili: karibu sifuri. Aliigeuza chini ya taa, akavaa miwani. Nyaya mbili zilizotoka kwenye koili zilikuwa zimevuliwa ngozi ndefu kuliko inavyotakiwa na aliyezilehemu mwanzo, na kwa miaka ya kubanwa na sponji zikawa zimelaliana. Alizitenganisha kwa ncha ya koleo, akaukata ule urefu wa ziada, akarudishia tone la risasi, akavisha kila waya kibomba chake cha plastiki. Multimita ikasema elfu tano na kitu. Alichomeka gitaa kwenye amplifaya, akaifungua kidogo tu, akagonga vijiti kimoja kimoja kwa kichwa cha bisibisi: tok, tok, tok, vyote vinane, na mvumo haupo. Kijana bado aliuliza kama si vizuri kubadilisha pikapu hata hivyo.

Pwani mambo si mepesi hivyo kila mara. Chumvi ya Tanga au ya Mombasa inaingia ndani ya gitaa kama inavyoingia kwenye bati. Vijiti vya sumaku vinashika kutu, kutu inatambaa mpaka kwenye mizunguko ya ndani kabisa ya waya na kuula. Koili ya namna hiyo inabidi kuzungushwa upya yote, na wanaoweza kazi hiyo kwa mkono, wakiuvuta waya ule bila kuukata, wanastahili insha yao peke yao.

Lakini siku ambayo multimita haioni kosa na mteja bado analalamika, ndipo fundi anapojulikana ni fundi au ni msoma namba. Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, wa G mara 98. Sikio la binadamu halisikii sauti hizo kwa usawa: Fletcher na Munson walilionyesha hilo Marekani mwaka 1933, kwamba sauti nzito inahitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawa na ile ya juu yake, hasa muziki ukiwa mdogo. Kwa hiyo gitaa lililosawazishwa kwa mshale wa kipimo, nyuzi zote nne zikifika alama ileile, chumbani litasikika kana kwamba E imelala. Likipigwa kwa sauti ya ukumbini, E hiyohiyo inaweza kufunika bendi. Na spika ndogo ya kibandani haiwezi kuitoa 41. Inatoa 82, ile iliyo juu yake, na ubongo wa msikilizaji unajazia iliyokosekana. Mafundi ninaowaheshimu humuuliza mteja anapiga wapi na kwa amplifaya gani kabla ya kukubali kwamba kuna ugonjwa. Usawa wanaoutafuta ni wa huko atakakopiga.

Besi zenye pikapu mbili, za mtindo wa Jazz uliotoka mwaka 1960, zina vituko vyao, na kinachojirudia ni kimoja: mtu amebadilisha pikapu moja, akifungua volyumu zote mbili hadi mwisho, uzito wote unakimbia. Mpya inapingana na ya zamani. Mara nyingi kubadilishana nyaya zake mbili kunatosha. Kwa besi zenye betri ndani, badilisha betri kwanza, na chomoa jeki usiku ili betri isiishe.

Kuna uzi mmoja uliolala ambao hakuna fundi atakayeuamsha, na mwaminifu atakwambia mapema asikulie pesa. Katika besi nyingi za shingo ndefu iliyofungwa kwa skrubu, uzi wa G una noti moja au mbili kati ya freti ya 5 na ya 7 zinazokufa upesi: unazipiga, zinaanza vizuri, halafu zinazimika huku jirani zake zikiendelea. Mti wa shingo unapenda kutetemeka kwa kasi ileile ya noti hiyo, na unaimeza. Pikapu mpya itaipokea ikiwa imeshamezwa. Kufunga kipande cha chuma kizito kwenye kichwa cha gitaa kunaihamishia freti ya jirani tu, basi. Kama inayokufa ni C ya freti ya 5, ipo C hiyohiyo kwenye uzi wa D, freti ya 10, nayo kwa kawaida ni nzima. Mzee humwonyesha mteja mahali pake, humwambia auzoeze mkono, na hamtozi kitu.