Pale Zege Linapoachia Chuma

Mwaka 2005 watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, waliupima uvumi wa siku nyingi miongoni mwa madereva wa magari ya zege: kwamba zege likigandia ndani ya pipa la gari, baruti hulibandua. Mlipuko wao mkubwa ulitumia takriban kilo 385 za vilipuzi. Gari lote likasambaratika, na kilichobaki kikawa vipande vya kuokotwa uwanjani. Watazamaji walifurahi, lakini tatizo lenyewe bado linawasumbua mafundi na wasaidizi wao kila siku ya kumwaga zege, kwenye toroli, mikseri, mapipa na mabati ya kufungia nguzo. Wengi hulimaliza kwa nguvu. Nguvu ikielekezwa pasipo pake huharibu chuma na kumuumiza mtu, huku zege likibaki.

Saruji haikauki kama tope linavyokauka juani. Inaungana na maji kikemia, na fuwele zinazozaliwa humo hupenya kwenye mikwaruzo midogo ya chuma na kushika. Chuma chenye kutu au mibonyeo hushikwa zaidi. Kiwango cha Ulaya cha EN 197 kinataka saruji ya daraja la 42.5 isianze kuganda kabla ya dakika 60, na ya 32.5 kabla ya dakika 75; joto la Dar es Salaam au Mombasa huharakisha kazi hiyo. Kabla ya hapo maji na brashi vinatosha. Baadaye, mambo hubadilika.

Hata hivyo zege lina udhaifu mkubwa. Likikandamizwa hubeba mzigo mzito, lakini likivutwa au kupindwa uwezo wake hushuka hadi karibu moja ya kumi ya huo. Nondo huwekwa ndani ya boriti kwa sababu hiyo hiyo. Kwa anayesafisha toroli, maana yake ni kwamba hakuna haja ya kulisaga zege lote: chuma kikipindika kidogo tu, zege lililokishika haliwezi kukifuata, basi hupasuka na kuachia. Toroli hugeuzwa kifudifudi na kugongwa kwa nyundo ya mpira upande wa nje, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Vipande huanza kudondoka. Vilivyobaki huinuliwa kwa tindo iliyolazwa, ncha yake ikiingia kati ya zege na bati. Tindo ikisimamishwa wima hutoboa bati au kulibonyeza, na kila mbonyeo ni kishikio kipya kwa zege la kesho. Donge nene hutobolewa mashimo kwa mstari na kupasuliwa kwa kabari.

Moto wengi huufikiria mapema, nao hausaidii. Chuma na zege hutanuka kwa kadiri zinazokaribiana mno, takriban sehemu 10 hadi 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukaribu huo ndio unaowezesha nondo na zege kuishi pamoja ndani ya ghorofa kwa miongo mingi bila kuachana, basi si ajabu kwamba kuvipasha pamoja hakuvitenganishi. Kibaya zaidi, unyevu uliofungiwa ndani ya zege hugeuka mvuke, na zege likipata joto kali kwa ghafla huweza kuruka vipande kwa kishindo mbele ya uso wa fundi.

Asidi ndiyo inayohitaji kuzungumzwa kwa kirefu, maana inauzwa dukani na inaonekana kufanya kazi. Asidi ya hidrokloriki huyeyusha ute wa saruji na kutoa povu. Mchanga wa kwazi haiuwezi, wala kokoto ngumu kama za machimbo ya Lugoba, Tanzania. Kokoto za mawe ya matumbawe huzila. Ikishapita kwenye zege hukuta chuma, nacho hukila pia na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kwenye mabati ya zinki huanza na zinki yenyewe. Minyororo ya kunyanyulia mizigo na boliti za chuma kigumu ziko kwenye hatari isiyoonekana kwa macho: haidrojeni huingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika, kikatike ghafla chini ya mzigo ambao jana kilibeba. Vifaa hivyo visiguswe na asidi kabisa.

Asidi ya betri, ambayo baadhi ya watu huichukua gereji, ina kasoro yake. Ikikutana na saruji hutengeneza jasi, ambayo haiyeyuki vizuri, na utando wa jasi huifunika sehemu iliyobaki. Mtumiaji huongeza asidi akidhani haitoshi, kumbe imejizibia njia.

Kwa utando mwembamba kwenye chuma cha kawaida, dawa za asidi hafifu kama ya fosforiki au ya sitriki zinafaa zaidi, kwa subira na kwa kusuuza vizuri. Yeyote anayelazimika kutumia ile kali aimimine asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Afanye kazi mahali penye hewa, akiwa na miwani na glavu za mpira. Na jiki isiwe karibu hata kidogo: ikichanganyika na asidi hiyo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Pipa la gari la zege ni suala jingine. Mtu huingia ndani na nyundo ya hewa, mahali pembamba, penye joto, kelele na vumbi. Vumbi hilo lina chembechembe za silika zinazoleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kanuni iliyotolewa na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, mwaka 2016 inaruhusu mikrogramu 50 tu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane, na kutoboa zege kikavu ndani ya pipa huupita mpaka huo kwa urahisi. Maji yakinyunyizwa penye ncha ya nyundo hulizuia vumbi kabla halijaruka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa ya vumbi iliyokaza usoni.

Hatari nyingine ni pipa lenyewe kugeuka. Injini huzimwa, ufunguo hutolewa na kubaki mfukoni mwa aliye ndani, kisha pipa hukazwa kwa kabari, kwa sababu zege likiondolewa upande mmoja uzito huelemea upande wa pili na pipa huweza kuzunguka bila injini. Mwenzake husimama mlangoni muda wote. Kampuni zenye uwezo hutumia maji ya shinikizo la baa 700 hadi zaidi ya 2,000, yanayoendeshwa kwa mashine bila mtu kuingia, na uwekezaji huo ni wa haki zaidi kuliko kumtuma kijana wa kibarua ndani na nyundo. Mkondo huo nao haugusiki: hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji wa haraka.

Kwa mikseri ya mfuko mmoja, njia rahisi zaidi ni kutia kokoto na maji mara tu zege la mwisho linapotoka, na kuiacha izunguke dakika chache. Kokoto husugua kuta, na hutumika tena kwenye mchanganyiko wa kesho. Gari likiharibika njiani likiwa na mzigo, sukari huokoa pipa: asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, yaani gramu 25 kwa mfuko wa kilo 50, huchelewesha kuganda kwa saa kadhaa, na kiasi kikubwa zaidi karibu kinakuzuia kabisa. Zege hilo halifai tena kwa nguzo wala slabu.

Bati lililosafishwa hupakwa mafuta mepesi ya kuachisha zege kabla ya kutumika. Oili chafu ya injini, iliyozoeleka kwa sababu haina bei, hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi na huacha madoa ukutani. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yakipakwa kwa utando mwembamba, hufanya kazi hiyo hiyo.