Uwanja wa Mia

Ukimtazama fundi wa maabara wa zamani hapa Kabongo akisoma gute epesi, yaani tone nene la damu chini ya hadubini, huoni kitu ila mgongo ulioinama na vidole viwili vinavyozungusha skurubu polepole. Mzee ninayemsema alijifunzia hadubini isiyo na taa, yenye kioo chini. Aliiweka dirishani, akageuza kioo mpaka mwanga wa asubuhi upande sawasawa, na aliyesimama mbele ya dirisha akamzibia alifukuzwa, hata awe daktari.

Tone nene la damu aliliacha likauke lenyewe, mbali na moto. Rangi ya Giemsa aliichanganya mwenyewe, na hakumwachia mtu chupa yake. Kisha tone la mafuta, lenzi kubwa, na kitu kinakuzwa mara 1000: pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Hapo wengi husema “anayo”, wakainuka. Yeye alibaki. Alihesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200, ndipo aseme malaria ya mtoto imefika wapi. Asipoona kitu, alipita viwanja 100 vya lenzi kabla ya kuandika hapana. Mia nzima, patupu! Watu wanaoweza kutazama patupu kwa uaminifu namna ile ni wachache, ofisini na hata kanisani.

Sasa kuna TDR, kipimo cha haraka cha malaria: tone moja, robo saa, mstari. Sikikatai kipimo hicho. Kijijini, usiku, kimeokoa wengi. Lakini hakihesabu, na aina yake iliyozoeleka yaweza kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Tena kinajua malaria tu, na homa si malaria peke yake. Joseph Dutton, daktari Mwingereza, alifia Kasongo mwaka 1905 kwa homa ya papasi, homa ile ile aliyokuwa akiichunguza na mwenzake John Todd. Vijidudu vya homa hiyo, nyuzi zilizojisokota, huonekana katika tone hilo hilo la damu, kwa mwenye subira ya kutafuta asichoagizwa.

Vijana wa maabara wana hadubini za taa, bora kuliko ile ya kioo. Wanaacha mafuta yakauke juu ya lenzi. Mvua zikileta ukungu ndani yake, wanaagiza nyingine, nayo haifiki. Mzee akiwaambia wafute, wanacheka: “Papa, TDR imeshasema.”