Sifa ya Mjuzi wa Nasaba za Injini

Katika kazi za mikono ambazo watu huzisifu, aghalabu husifiwa zile ziachazo kitu kipya machoni pa watu: seremala husifiwa kwa mlango, mhunzi kwa kisu, na mshoni kwa kanzu, walakini iko sanaa moja isiyoongeza kitu kipya duniani, bali hukirudisha cha kale katika kazi yake, na mwenye kuihitimu hupita mitaani mikono mitupu, karatasi ya vipimo mfukoni, akiuliza duka hata duka, na wasiomjua humdhania kuwa hana shughuli. Nakusudia sanaa ya kutafuta vipuri vya badala kwa ajili ya injini ya motokaa ya kale ya mashindano, ambayo kiwanda chake kimekwisha kuacha kutoa sehemu nyingi katika zile ilizozaliwa nazo.

Nitatwaa mfano wa gari ambalo Afrika ya Mashariki ina haki ya kulizungumza, nalo ni Datsun 240Z. Lilitokea Japani mwishoni mwa mwaka 1969, kwao likiitwa Fairlady Z, na lile la kuuzwa ng'ambo likiwa na injini ya L24 yenye silinda 6 katika safu moja, bloku ya chuma cha kusubu, hedi ya aluminiamu na kabureta mbili za Hitachi. Na mwaka 1971, zama ambazo mashindano ya Safari yalivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda ndani ya gari hilo, na Shekhar Mehta akafuata wa pili katika gari la namna hiyohiyo. Gari lililopata fahari kama ile katika vumbi na tope letu halikosi wapenzi mpaka leo, na mpenzi wake, siku moshi wa buluu unapoanza kutoka nyuma, hugundua kwamba mapenzi hayatengenezi ringi za pistoni.

Kuagiza ng'ambo hakukatazwi, kwa mwenye fedha za kununulia, za kusafirishia na za kutolea ushuru. Wala magari yaliyotumika ya Japani, yafurikayo bandarini Mombasa, hayasaidii sana, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na katika umri huo hakuna injini ya ukoo wa L iliyobaki. Kwa hiyo mtafutaji hurudi kwenye magari yaliyouzwa hapa yakiwa mapya katika miaka ya 1970, yaliyokuwa ya waalimu, ya makarani na ya wafanyabiashara wadogo, na hapo ndipo elimu yake inapoanza kuonekana thamani.

Maana injini zina nasaba kama watu, na asiyeijua nasaba hawezi kujua nani amrithi nani. L24 ya gari la mashindano ni ndugu wa damu wa L16, injini ya silinda 4 iliyotiwa katika Datsun 1600 na baadaye katika 160J: kipenyo cha silinda za zote mbili ni milimita 83, mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, na urefu wa konrodi ni milimita 133, hata ikawa ujazo wa ile kubwa, sentimita za ujazo 2,393, ni ule wa ndogo, 1,595, ukiongezwa nusu yake. Mwenye kulijua hilo hasumbuki kuulizia ringi za 240Z, neno ambalo humfanya muuza duka ama atikise kichwa ama apandishe bei; huuliza kwa upole ringi za 160J, ambazo hazimshtui mtu. Kwa kuwa huuzwa kwa makasha ya pistoni nne nne, hana budi kununua makasha mawili, na za pistoni mbili zikabaki kabatini. Hasara hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya kuagiza, nami sijamwona fundi aliyeinung'unikia.

Lakini nasaba ina mitego yake, na jina lililo juu ya boneti ni shahidi wa uongo. Datsun 1200, gari jepesi lililopendwa sana, ina injini ya A12, na pikapu nyingi za Datsun za wakati ule zilikuwa na J15. Zote mbili kamshafti yao imo ndani ya bloku, si juu ya hedi, na undugu wao na L24 ni wa kibandiko tu. Hata ndani ya ukoo wenyewe wapo wanaofanana kwa sura na kuhitilafiana kwa kimo: L20B ni ndugu halali, ila bloku yake imeinuka takriban milimita 20 zaidi, basi konrodi zake hazifai kabisa. L28, iliyokuja katika 280Z, gari lililoifuata 240Z baadaye, ina konrodi za milimita 130.3, zenye kupungukiwa na zile za L24 kwa milimita 2.7, tofauti ambayo jicho huipita bila kuiona ikiwa konrodi imelala mezani peke yake, wala haisameheki zikichanganywa ndani ya injini moja. Kipenyo cha L28 nacho ni milimita 86, na mwenye kuifunika kwa gasketi ya hedi iliyokatwa kwa ajili ya milimita 83 huacha ukingo wa gasketi ndani ya chumba cha moto, uungue polepole mpaka siku maji yatakapoingia yasikotakiwa.

Ndiyo sababu mtafutaji hodari haamini kumbukumbu, yake wala ya muuzaji. Huja na maikromita, akapima. Akasoma herufi zilizosubiwa ubavuni mwa bloku na juu ya hedi, kwa kuwa hedi yenye alama ya E31, ya magari ya mwanzo, ina vyumba vidogo vya moto, na ikifungwa juu ya L28 yenye pistoni za uso bapa huubana mchanganyiko wa hewa na petroli kupita kiasi, injini ikagonga kila gari linapopanda mlima kwa petroli hafifu. Mambo haya hayamo katika kitabu cha kiwanda, kwani kiwanda hakikudhani kwamba iko siku mtu angeyahitaji. Yamekusanywa na mafundi wa Marekani, wa Australia, wa Japani na wa kwetu, kila mmoja kwa gharama ya chuma alichokiharibu.

Upeo wa elimu hiyo, kwa maoni yangu, ni ile ndoa ya ajabu ya dizeli na petroli. Nissan, kampuni iliyoyatoa magari ya Datsun, ilitengeneza injini ya dizeli ya silinda 6 iitwayo LD28, ikaitia katika magari ya watu watulivu, Laurel na Cedric. Krankishafti yake ina mwendo wa milimita 83, nayo hukubali kukaa katika bloku ya L28. Zikatafutwa konrodi za L24, zikatafutwa pistoni za milimita 89 za KA24, injini ya silinda 4 iliyotumika hata katika pikapu za Nissan, na bloku, baada ya kuhakikishwa kwamba kuta zake ni nene za kutosha, ikapanuliwa kwa kiasi hicho; ikazaliwa injini ya karibu lita 3.1, ambayo Nissan haikuiuza kamwe katika gari lolote, ilhali viungo vyake vikuu karibu vyote ni vya Nissan. Aliyewaza kwanza kwamba krankishafti ya dizeli ilifaa katika gari la mbio alikuwa na akili ambayo, lau angeielekeza kwenye hesabu za benki, angekuwa tajiri. Almuradi hakuielekeza huko, nasi tumefaidi.

Mintarafu ya kabureta na moto wa plagi, habari ni fupi: kabureta za Hitachi zilifuata mfumo wa SU wa Uingereza, na sindano za SU hutumika ndani yake, na distribyuta ya elektroniki ya 280ZX huondoa adha ya pointi za kusuguliwa kila mara.

Kupata kipuri si mwisho wa kazi. Pistoni zilizokusanywa kutoka makasha mbalimbali hutiwa katika mizani moja baada ya moja, na zilizo nzito hupunguzwa kwa ndani, pasipobeba nguvu, mpaka zote sita zikaribiane kwa gramu, la sivyo injini itatetemeka. Fundi mwenye insafu humwambia mwenye gari wazi: hii ni ya 160J, hii ilikerezwa mjini, hii ni ya asili. Hapo ndipo anapofarikiana na yule muuzaji wa bidhaa ghushi, ambaye kasha lake limeandikwa vizuri kuliko la kiwanda na ringi iliyomo hupinda kwa vidole. Maana wa kwanza hutoa kitu kingine kwa jina lake la kweli, na wa pili hutoa kitu kibovu kwa jina la watu.

Wapo, najua, wanaoshikilia kwamba gari la kale likitiwa kiungo kisicho chake limenajisika, na katika minada ya ng'ambo injini yenye namba yake ya kwanza hupandisha bei. Bei ni haki ya mnada. Lakini katika Safari ya mwaka 1973, 240Z ya Shekhar Mehta na Lofty Drews ilimaliza ikiwa na alama za adhabu sawasawa na Datsun 180B SSS ya Harry Källström na Claes Billstam, gari la kifamilia lenye injini ya silinda 4 ya ukoo uleule wa L, hata ikalazimu ushindi utolewe kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Mwenye kuona aibu kutia ringi za 160J ndani ya 240Z yake na ayasome kwanza matokeo ya mwaka ule.