«Lumumba» ya Raoul Peck: na Katanga yenyewe?

Wandugu, hii filme ya 2000 ni nzuri, sikatae. Pale ndeke ya Lumumba na Kasa-Vubu inakatazwa kutua Elisabethville, Waziri wa Kwanza na Prezida wanafungiwa mulango mu inchi yao wenyewe: siye wote tunaelewa. Bruxelles, Washington, Moscou, kila mumoja anavuta upande wake, na Peck anaonyesha ile vizuri.

Shida ni Tshombe. Mu filme ni mutu wa Wabeleji tu. Pesa ya Union Minière ilimusimamisha, kweli. Lakini mu uchaguzi ya Mei 1960, Conakat yake ilipata viti 25 juu ya 60 mu baraza ya jimbo, na kartel ya Balubakat ya Jason Sendwe 23. Katanga yenyewe ilipasuka! Kule kaskazini watu walikataa kujitenga, wakapigana, wakauawa. Filme inapita pale mbio. Njo maana kisha kuiangalia, mumoja anasema Wakatanga wote walisaliti inchi, na mwenzake wa Lubumbashi anakasirika. Mimi ningemupa Sendwe dakika kumi, hata kwa kukata zile za Mobutu (na Alex Descas anamucheza muzuri sana).