Mlango wa HiAce Hununuliwa kwa Chesisi

Jina la gari halitoshi kununulia mlango. Ukimpigia muuza spea wa Ilala, Dar es Salaam, ukamwambia unataka mlango wa pembeni wa HiAce, atakuwa nao, wala hatakudanganya. Tatizo ni kwamba milango ya HiAce iko ya aina nyingi. Usioingia utakuwa umeshasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Mombo, ukapandishwa mlima mpaka Vuga, ndipo uujue. Kazi iliyofanywa hapa Vuga kwenye HiAce moja ya abiria inaonyesha jinsi ya kuepuka hasara hiyo.

Gari ni toleo la H100. Toyota walianza kulitengeneza mwaka 1989, na lile la H200 likaja mwaka 2004. Katika miaka hiyo yote shoo na taa zilibadilishwa zaidi ya mara moja, na yalitoka magari ya mizigo, ya familia na ya abiria, mafupi na marefu, ya paa la kawaida na paa la juu. Yote yanaitwa HiAce.

Mlango wa zamani uliliwa na kutu kutoka ndani. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye raba ya kioo yakashuka ndani ya mlango. Kiwanda kiliacha vitundu ukingo wa chini ili yatoke. Kwa barabara zetu za udongo mwekundu, tope huviziba, na kwa ukungu wa Usambara hapakauki upesi. Maji hubaki pale bati la nje lilipokunjwa kulishika la ndani. Rangi ikianza kuvimba kwa nje, ndani pameshaoza. Kuchomelea kiraka kusingesaidia, kwani kutu ilikuwa imefika kwenye kona ya mbele, chini, inapofungwa rola. Kona hiyo hubeba uzito wa mlango kila unapofunguliwa, na gari la abiria hufungua mlango kutwa nzima.

Hatua ya kwanza ilikuwa kusoma kibati cha chesisi badala ya kutegemea mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Herufi LH humaanisha injini ya dizeli ya familia ya L, na RZH ni ya petroli ya familia ya RZ. Kwa mlango, zaidi huangaliwa namba zinazofuata, zinazotaja toleo na bodi, pamoja na herufi inayozifuata: V ni gari la mizigo, G la familia, B ni basi. Hapo unajua kama utafute mlango wa kioo cha kufunguka, cha kudumu, au wa bati tupu. Kibati hichohicho kina namba ya rangi. Kwa mfano, 040 ni mojawapo ya nyeupe za Toyota. Mpiga rangi akipewa namba hiyo hana haja ya kubahatisha.

Hatua ya pili ni upande. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto. HiAce zilizotengenezewa nchi za Ghuba zina usukani kushoto na mlango kulia. Mlango wa namna hiyo haugeuziki, kwa kuwa kitasa, mikono ya rola na mkunjo wa bati vyote vimeelekea upande mwingine.

Hatua ya tatu ni vipimo. Mlango mbovu ulilazwa chini, ukapigwa picha tepu ikiwa juu yake: urefu, upana, tundu la kioo, na umbali kati ya boliti za rola. Muuzaji aliombwa picha hizohizo za mlango wake. Vipimo vikilingana ndipo hela inatumwa, pamoja na kudai risiti na namba ya chesisi ya gari ulikotoka mlango, ili usije ukanunua mali ya wizi.

Hatua ya nne ni uzima wa bati. Rangi inayong'aa isikushawishi. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini, ikipitishwa polepole, hulegea palipojazwa puti. Kisha mlango uinuliwe, utazamwe ukingo wa chini kwa tochi: gundi ya kiwandani imenyooka, alama za weldi zimepangana kwa nafasi sawa, vitundu viko wazi. Gundi iliyopakwa kwa kidole ni dalili ya ajali au kutu iliyofichwa.

Mlango ulipofika, kitasa cha zamani kilihamishiwa kwenye mlango mpya ili ufunguo ubaki mmoja. Mlango ulifungwa kwanza bila kupakwa rangi, boliti za rola zikiwa zimelegezwa, ukasogezwa mpaka mianya ikawa sawa pande zote. Reli ilisafishwa na rola zilizolika zikabadilishwa, maana rola mbovu hufanya hata mlango mzuri uonekane si wake. Rangi ilikuja mwisho.

Naushikilia utaratibu huu kwa sababu mwenye gari huku hana duka la pili la kukimbilia jioni. Gari likilala, tajiri, dereva na kondakta wote hawaingizi kitu, na mkulima mwenye mboga za kupeleka Mombo anatembea. Kabla hujapiga simu Dar, safisha kibati cha chesisi, kipige picha inayosomeka, uitume ya kwanza.